Vyumba vya Udongo Juu ya Dirisha Lako

Oli, Arua
Jumapili, tarehe 8 Machi

Mama,

Nimeapa leo kukuambia yote, hata yanayonitia aibu. Naanza na kosa langu: nimekuwa nikimpeleleza mke wa Baba.

Keji ameishi nyumbani mwako miezi saba sasa. Anasema aliuza chapati kwenye lango la shule ulikofundisha kule Koboko, lakini wewe hukuwahi kumtaja. Tangu tukuzike, sufuria zimepangwa upya, pazia limebadilishwa. Kilichobaki ni kiota cha nyigu juu ya dirisha lako, kile ambacho hukuruhusu mtu akiguse. Niliogopa atakikwangua.

Wiki mbili zilizopita niliona kimepungua. Vyumba vyake vya udongo vilikuwa tisa, vimebaki sita. Sakafuni hakuna hata vumbi.

"Mama mdogo, nani amegusa kiota?"

"Labda mvua," alijibu huku akikanda unga.

Mvua, Mama! Chini ya paa la baraza!

Basi nikaanza kumchunguza kama ulivyonifundisha kumchunguza nyigu: kaa kimya, usikisie kabla hujaona. Unakumbuka tulivyochuchumaa karibu na bomba tukimtazama akiviringisha donge la matope kwa taya zake? Ulinionyesha kiuno chake, chembamba kama uzi. "Kiuno hiki," ulisema, "na anabeba buibui mchana kutwa. Mimi nabeba madaftari tu, mgongo unalalamika." Ukanieleza kuwa buibui wale hawajafa, wamechomwa mwiba, wamepooza, ili wasioze mpaka yai lililowekwa juu ya mmoja wao liwe buu, na buu lianze kula. Siku ile nilikataa chakula cha mchana, ukanicheka.

Ukanieleza pia habari za yule nyigu mdogo wa kijani kinachong'aa, asiyejenga chochote. Humvizia mwenzake akienda kuchota matope, akataga yai lake kwenye chumba kisicho chake. Nisamehe, Mama. Ndiye niliyemfikiria kila nilipomwona Keji kwenye kiti chako.

Lakini jambo moja lilinisumbua. Nilitoa daftari nilimochora kiota, nikapanda juu ya kigoda na kulinganisha. Vyumba vilivyotoweka vyote vilikuwa na tundu la duara, vile ambavyo nyigu alikwisha kutoka. Vilivyozibwa havikuguswa hata kimoja. Mtu anayesafisha ukuta hachagui.

Jana nilirudi mapema kutoka mazoezi ya kwaya kanisani Ediofe. Nikamkuta jikoni akifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na udongo wa kiota. Akauma kipande, akafumba macho.

"We Poni! Unatembea kama paka!" Akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Usiambie baba yako kwanza. Mimi iko na mimba. Mbili ilitoka, sasa naogopa kusema. Hii udongo inatuliza tumbo. Mama yako ndiye alinionyesha kule Koboko, wakati ile ya kwanza. Alisema chukua ile iko na tundu tu, mwenye nyumba ametoka."

Mwenye nyumba ametoka. Hivyo hasa ndivyo ulivyokuwa ukisema. Lakini mimi pia husema hivyo, Mama, kwa sauti, na huenda maneno hayo aliyasikia kwangu. Na kwa nini hukuniambia kuwa udongo ule huliwa? Uliniambia kila kitu kuhusu nyigu, mpaka idadi ya miguu yake. Nimelifikiria hilo tangu jana.

Bado simwamini kikamilifu. Hata hivyo leo, kabla ya misa, nilikwangua chumba kimoja chenye tundu, nikakiweka kwenye kisahani kando ya jiko. Niliporudi kisahani kilikuwa kimeoshwa.

Lala salama, Mama. Siri yake nitaitunza mpaka aiseme mwenyewe, na vyumba vilivyozibwa nitavilinda. Jumamosi ninakuja Koboko kupalilia kaburi lako. Barua hii nitaileta mwenyewe, simpi Baba. Nitaiweka chini ya jiwe, kisha nitakaa hapo nisubiri. Nijibu kwa njia yoyote unayoweza, maana mwanao Poni hana mwingine wa kumuuliza: ni kweli wewe ndiye uliyemfundisha?