Kaburi Nililolionyesha Mbudya

Alhamisi, mwezi wa Rajabu

Kwa jina la Mola ajuaye kilichofichwa mchangani na kilichofichwa kifuani.

Nimemwonyesha Salumu mahali ambapo mimi mwenyewe sipajui.

Baba yake, rafiki yangu Mbaruku, alinifia kisiwani Mbudya wakati wa vita vya Mjerumani. Nilimzika peke yangu, upesi, kwa hofu ya manowari iliyokuwa ikipita, wala sikuweka alama. Mkewe nilimwambia kwamba niliweka jiwe.

Leo Salumu amenipeleka huko. Uzuri wa kisiwa kile ulinitisha: mchanga mweupe usio na unyayo, ndege wasiotukimbia, njia pana ya kasa aliyepanda kutaga.

"Jiwe liko wapi, Maalim?"

"Limefukiwa," nikasema, nikanyoosha kidole kando ya shimo la kasa.

Akatabasamu. "Basi baba amepata jirani mwenye watoto wengi." Kisha akaketi, akasoma Yasini hadi mwisho. Sauti yake ni ya babake hasa. Nami nikawa natazama mchanga kila upande, nisijue nimekanyaga wapi.

Jioni, nyumbani kwao Mwananyamala, mjane wa Mbaruku aliniombea dua kutoka nyuma ya pazia. Ni mgonjwa sana. Amemuusia mwanawe amzike kisiwani, ubavuni mwa mumewe, hapo nilipoonyesha.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitawaambia. Nikinyamaza, nitamlaza mwanamke yule peke yake mpaka Kiyama.

Ee Mola, ibariki nyumba ile. Na atakayesoma karatasi hii baada yangu, mjalie yeye na watu wake kusema kweli mapema kuliko mimi.