Taa za Malindi ya Ibra

Jumatano. Baridi ya Ibra, mji wetu huu wa Kiarabu, imeingia sawasawa. Asubuhi nimetoka na shali, na mpaka sasa, Isha imeshapita, madirisha yako wazi na kiyoyozi kimelala. Moyo wangu umetulia. Naliandika hili kwa sababu halinitokei mara nyingi.

Tangu taa za njia yetu zilipozimika, Mama aliacha kutoka baada ya Magharibi. Kabla ya hapo kila jioni alikuwa akienda kwa Bi Salma, nyumba ya mwisho, wakanywa kahawa na kuteta watu kwa Kiswahili cha Unguja ambacho wajukuu wao hawakifuati tena. Lakini macho yake yamepungua nguvu, na njia ina mawe. Nikamwambia nitampeleka kwa gari.

"Nipande gari kwenda kwa Salma? Watu si watadhani nachukuliwa hospitali!"

Akabaki ndani na televisheni. Akaanza kunyamaza.

Mama yangu akinyamaza, naogopa kuliko giza.

Basi nikaingia vitani. Wanaonisoma hapa wananijua: sijapata kuuona ugomvi wa haki nikaupisha njia. Nikaipigia simu baladiya, yaani manispaa yetu, nikamshika yule binti aliyepokea kwa Kiarabu changu cha vitabuni. Nilianza na haki ya mzee kutembea katika mji wake, nikapitia miji ya kale iliyotundika kandili njiani wakati miji mingine imelala gizani, nikamalizia na swali: hizi barabara ni za wenye magari peke yao? Maskini, alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni mtaa gani, nikamwambia. Akaandika.

Wiki zikapita. Giza lile lile.

Jana asubuhi nikaenda ofisini kwao mwenyewe. Njiani nilikuwa nikiyapanga maneno garini, nayatamka kwa sauti. Nilitaka ugomvi. Niliutamani kama mtu anavyotamani chai.

Bwana aliyenipokea, mtu mpole wa makamo yangu, akanisogezea tende na kahawa kabla sijasema neno. Mwenye tende mdomoni hawezi kufoka. Mbinu hii naijua tangu utotoni na bado imenishinda.

Akatazama kompyuta yake. "Ukhti, mafundi walitoka siku ile ile. Wamezunguka, wameuliza madukani, wameuliza msikitini. Hakuna anayeijua hiyo Malindi. Ipo Ibra kweli?"

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba kila mtu anaijua Malindi.

Nikatoa kokwa ya tende.

Huyo kila mtu ni sisi. Wazee wetu walipotoka Unguja wakajenga upande huu, kila njia waliipa jina la mtaa waliouacha. Yetu ni Malindi, ya nyuma ya duka la mikate ni Kikwajuni. Nimekulia humo, jina nimelitaja maisha yangu yote, wala sijawahi kujiuliza kama mtu mwingine yeyote wa mji huu analijua. Nimemhutubia yule binti habari za taa za dunia nzima, na zangu sikumwambia ziko wapi.

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Naye akacheka, nadhani kwa kuwa alikwishajiandaa kutukanwa. Nikamtumia ramani ya njia yetu kwa simu, nikamwomba radhi, nikatoka na hotuba yangu nzima tumboni.

Nyumbani nikamhadithia Mama. Akanitazama kwa huruma.

"Vitabu vyote hivyo, mwanangu, na baladiya umewaambia Malindi? Basi washapanda ndege hao, washakwenda kuwasha kule! Hebu mpigie shangazi yako Unguja, muulize kama kunang'aa."

Akacheka mpaka akavua miwani. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Leo baada ya Alasiri gari lenye ngazi limeingia njiani. Fundi akateremsha kioo, akamuuliza Mama aliyekuwa amekaa barazani: "Hapa ndipo Malindi?" Aliuliza kwa Kiarabu, na jina kalitamka vizuri kabisa.

"Ndipo hapa," Mama akamjibu kwa Kiswahili, kana kwamba dunia nzima inakisema, akamnyooshea mkono kwenye nguzo. Kisha akapiga kelele kuelekea jikoni mafundi waletewe kahawa.

Magharibi taa zimewaka. Nyeupe mno, kama za wodini. Nina hoja nzito juu ya weupe huo, lakini leo nimezimeza. Mama kavaa buibui lake, kajifukiza udi, kaukataa mkono wangu. Nimesimama mlangoni namwangalia anavyopita chini ya taa moja, kisha nyingine, bila kushika ukuta. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Sauti ya Bi Salma ikatoka nyumba ya mwisho: "Yuhai huyu? Mimi nilidhani ushakufa weye!"

"Nife nikuachie kahawa yote?"

Mpaka sasa hajarudi, wala sina haraka ya kumfuata. Huku nyumbani kimya, na kimya cha leo hakinitishi. Nimekaa na hasira zangu zote mkononi, nzima, hazikutumika. Kesho nizipeleke wapi?