Sindano Mbili Ulizoniwekea

Chumba namba 14,
Ghorofa ya tatu.
Tarehe 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako. Goti la mama yako linaendeleaje? Na wewe, ngozi imetulia? Mimi napumua, zaidi ya hapo nisikudanganye.

Umeuliza kama sindano hizi za soriasisi, ugonjwa wetu huu wa ngozi, hudumu, na kama ni salama. Kwangu zilifanya kazi miaka sita. Magamba yalipukutika mgongoni na viganjani, nikarudi kujalidi vitabu bila glavu. Fundi cherehani wa jirani akawa ananitania, "Mzee, umeng'aa hivyo, unaposa wapi?"

Kosa ni langu. Mtu aliyehamishwa mara tatu hula nusu, huficha nusu. Nilipoona ngozi safi nikaanza kuruka miezi, sindano naziweka kwenye jokofu nyuma ya maziwa, kwa ajili ya siku tutakayofukuzwa tena. Zikafika saba. Nesi alipojua alishika kiuno: "Babu, huu si unga. Ukiikatiza dawa, ikirudi mwili unaweza kuipiga vita kama adui." Tuliambiwa akiba haiozi. Magamba yalirudi, na sindano hazikuyagusa tena.

Wakanipa ya aina nyingine, ikashika miaka miwili. Kisha kikohozi, jasho, picha ya kifua. Kifua kikuu kilichokuwa kimelala ndani yangu tangu siku za kambi ya wakimbizi kimeamka. Kinga ya mwili, ile ile iliyokuwa ikiniharibu ngozi, ndiyo iliyokuwa imekifungia, na dawa iliilegeza. Walinipima mwanzoni, hawakukiona. Wewe wakikuita kupimwa, usikwepe.

Sasa sindano zimesimamishwa. Nikimuuliza daktari hadi lini, anapanga karatasi zake. Viganja vimepasuka. Juzi nilitia damu kwenye jalada la mteja, nikafunika meza ya kazi kwa shuka. Sitarajii kuifunua.

Ndipo ikaja barua yako, kwamba umeruka miezi miwili ili kuniwekea sindano mbili. Nilikaa kitandani nimeishika hadi chai ikapoa. Damu yetu ni moja, hata kwa ujinga. Mwanangu, mimi hazitanifaa, na wewe ukiziruka zitaacha kukufaa. Usizitume. Kesho zipeleke kliniki, umweleze nesi ukweli wote, na akikugombeza, nyamaza umsikilize.

Msalimie mama yako, na kaka yako Kipara. Mungu akuachie ngozi hiyo uliyo nayo.

Ni mimi nikupendaye, nisiyetaka uugue kwa ajili yangu,

Mjomba