Grisi kwenye mpira wa bomba

Unakumbuka jirani alivyoniuliza, "Mjane wa watu, kwenye mabomba ya chuma unakwenda kutafuta nini?" Mwenzangu, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Ni yale mabomba ya kupitisha maji chini ya mto, yanayopinda kwenye maungio. Kichwa cha bomba moja ni cha mviringo kama chungwa, kinaingia kwenye kikombe cha jingine, na ndani kuna pete ya mpira ya kuzuia maji. Kazi yangu ni kuipaka sabuni ili kichwa kiteleze. Basi!

Juzi sabuni iliisha. Nikaona kopo la grisi, nikasema utelezi si ni utelezi tu? Nikapaka maungio sita. Sita! Yameshazamishwa.

Leo fundi mkuu anawafundisha vibarua wapya: "Grisi inakula mpira. Ukishalegea, uchafu wa mto unaingia."

Maji hayo yanakwenda hospitali, mwenzangu. Hospitali!

Ningenyamaza, nani angejua? Lakini Mungu ananiona. Nikasema, "Fundi, mimi nimepaka grisi. Sita."

"Sita?"

"Sita."

"Mama, unajua bomba lote litatolewa mtoni?"

Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo, mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye aliyeniombea kazi, akaapa kwa kazi yake kwamba mimi sikosei. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe, sikujua."

Akanitazama. Akavua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani mbele ya fundi mkuu, akatoka.