Nimeazima Watoto, Shule Yao Inafungwa

Shangazi mshauri, shikamoo, nisaidie haraka kabla mama yangu hajajua, maana mimi ni kinyozi, na si kinyozi hivihivi, nikikunyoa hata mkweo hakutambui, ingawa shule niliishia la sita kwa sababu mimi na walimu hatukuelewana nani anajua zaidi. Sasa Shangazi, ofisi ya elimu ilisema shule yetu ya bondeni haina watoto wa kutosha, ifungwe, wahamie ile kubwa ya mlimani, na mama yangu ndiye mwenyekiti wa wazazi, sauti imemkauka kwa kupinga mikutanoni, na mdogo wangu wa kike yuko la pili hapo, kwa miguu yake ile mifupi mlima huo atafika lini? Tukasikia afisa anakuja kuhesabu watoto, nikasema, "Mama, wewe lala, mwanao nipo." Akanijibu, "Hapo ndipo usingizi unaponiruka."

Asubuhi nikapanda mlimani, nikawanong'oneza watoto wa kule, "Njooni mkae madarasani kwetu kidogo tu, mkitoka nawanyoa bure, mtindo mnaoutaka." Shangazi, walishuka kama siafu! Afisa akakuta madawati yamefurika, walimu wetu wakaangalia dari, akaandika, akaondoka. Mama aliposikia alilia kwa furaha, akadhani kelele zake zimewaamsha wazazi wanaoficha watoto nyumbani. Ningewarudisha wale watoto saa ileile, lakini ahadi ni deni, wakapanga foleni kibandani kwangu, kumbe afisa kapitiliza mlimani kuhesabu na huko, akakuta mwalimu anafundisha ukuta! Sasa imeamuliwa ifungwe ya mlimani, watoto waletwe kwetu, wazazi wao wanaandamana, wa kwetu wanauliza watakaa wapi, juu ya paa? Nikisema kweli, yetu inafungwa na mama ananimeza mzima. Nikinyamaza, watoto wa watu wanakosa shule kwa ajili ya nywele. Nifanyeje?

Wembe wa Dhahabu

*

Marahaba, Wembe. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi kwanza, ndipo nikupe pole. Ulitaka kuziba ufa wenu, ukachukua matofali ya jirani! Kumhurumia mdogo wako nakusifu, lakini na wale wa mlimani miguu yao ni mifupi vilevile, na wakishuka asubuhi, jioni watapanda.

Leo hii mwambie mama yako. Akishakula, si kabla. Wala usianze na sifa zako. Ni aibu mwenyekiti kutetea uongo asioujua. Kisha nendeni wote wawili kwa wazazi wa mlimani. Watafoka, wewe nyamaza, najua itakuuma kuliko matusi yenyewe. Wakiishiwa pumzi, mama yako awaambie: jana tulilia sisi, leo mnalia ninyi, twendeni ofisini pamoja wahesabu upya, shule zote mbili kwa wakati mmoja, na tuseme hatutaki hata moja ifungwe. Afisa akibanwa na wa bondeni peke yao, atakimbilia mlimani. Mkiungana, sijui atapita wapi.

Na usidhani una muda. Mjukuu wangu anasoma mlimani. Juzi alirudi amenyolewa upande mmoja, eti umeme ulikatika, na kinyozi kamwapisha asimtaje. Ahadi ni deni, sivyo? Jumamosi namleta umalizie. Mama yako awe ameshajua, maana mimi nikishakaa kibandani kwa kinyozi, mdomo wangu hauna kufuli.