Udhu wa Mkomamanga wa Baba

Mtendeni,
Tabora.
14 Oktoba 1949

Mpendwa ndugu yangu Muhanna,

Marahaba. Shikamoo yako naihesabu imefika, ingawa barua yako iko njiani tangu Ramadhani. Hujambo wewe, na wifi yangu, na mwanangu Ghalibu? Huko Ujiji mna ziwa zima mlangoni, kiu mtaisikia kwa watu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hautulii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara mbili kwenda uani.

Mvua zimetutupa. Kisima chetu kimebaki tope, na bomba la mtaa hutoa debe moja tu kwa nyumba kwa siku.

Kila ukiandika unauliza habari za mkomamanga wa baba, nami kila mara nakujibu kwamba u mzima. Safari hii siwezi.

Unajua alivyouleta. Alitoka na mche Bagamoyo katika msafara, maji ya kunywa yakipimwa kwa kata, akaunywesha njia nzima maji ya udhu wake, wapagazi wakimcheka. Mpaka anafariki alitawadhia shinani pake, hapa uani, nami nimeshika zamu yake mwaka wa tisa sasa. Hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa natulia.

Basi majani yalipoanza kujikunja, nikaingiwa na wazimu. Nikawa natawadha juu ya udhu, najiambia ni sunna. Niko kwenye sijida, nawaza kama udongo umelowa. Jumatatu alasiri nilitawadha mara tatu, nikayashikashika majani, nikaingia ndani nimeridhika. Ilipoadhiniwa magharibi ndipo nikakumbuka kuwa alasiri yenyewe sikuisali.

Hilo nililipa. Gumu ni la Jumanne. Masika, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na bakuli.

"Dada Saleha, nifadhili kata moja tu, nimkorogee mtoto uji."

Debe lilikuwa nyuma yangu, lina maji nusu. Nikamwambia hayo ni ya udhu. Akasema, "Haya dada, samahani," akaenda zake. Muhanna, niliona haya, na bado nikaumwagia mti maji hayo.

Tangu hapo sikukaa wala sikulala. Jana asubuhi nilimpelekea Masika debe zima. Alinivutia kigoda nikae. Mtoto alikunywa uji, nusu akautemea kwenye kanga yangu.

Adhuhuri sikuwa na tone. Nikaenda shinani, nikapiga viganja juu ya ule udongo mkavu, nikatayamamu, uso kisha mikono. Miaka yote mimi ndiye niliyeupa udongo huo maji ya udhu. Jana udongo ndio ulionipa mimi udhu. Nikasali papo hapo, na macho sikuyainua kwenye majani.

Mti unapukutika, ndugu yangu. Huenda usiione mvua, na mkono ulioacha kuumwagilia ni wangu. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, ila uandike.

Nisalimie wifi sana. Ghalibu mwambie komamanga nililomwahidi asilingoje mwaka huu. Mola awahifadhi nyote, na sisi atukumbuke kwa mvua.

Masika anakusalimu. Leo yeye ndiye aliyeniletea kata ya maji, akasimama kuningoja. Nimeyanywa yote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Saleha binti Hilali