Darasa zima: "Ndiyooo!"

Mwenzangu, umewahi kuitikia "ndiyo" huku huelewi kitu?

Ndivyo anavyoishi darasani mjukuu wangu, yule mpole. Nimetoka kuitwa shuleni sasa hivi!

Mwalimu wao wa hesabu huandika ubaoni kawapa watoto kisogo. Akimaliza: "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Mjukuu wangu naye huitikia tu, akijiona mjinga peke yake.

Leo kaburuta dawati lake. Kraaa! Mpaka ubaoni, mwenzangu, mpaka ubaoni!

Mwalimu kageuka, chaki mkononi. "Wewe, unahamia wapi? Wenzako si wanaelewa? Darasa, mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Hata rafiki yake anayekaa jirani naye kaitikia. Mtoto kasimama pale mbele, chozi linaning'inia kidevuni.

"Mimi sijaelewa, mwalimu. Tangu tufungue shule sijaelewa."